Mchezo wa bure, bando la nani?

Jibondo, kisiwa cha mawe ya matumbawe huko Mafia, maji ya kunywa kwa miaka mingi yalivushwa kwa chombo, na watu wanajua kupima. Bando nalo lipimwe. Mchezo wa "bure" kwenye kivinjari hula data, hasa kwa matangazo ya video, na kidole cha mtoto hubonyeza tangazo kabla hajalisoma. Mzazi, michezo mingi midogo ikishafunguka huendelea hata bila data. Izime ndipo umpe simu. Dinosaria wa Chrome, aliyekuja 2014, hahitaji mtandao kabisa, wala hana matangazo. (Huchosha upesi, na si vibaya.) Zima data, jaribu kufungua ukurasa wowote, kisha gusa picha yake.