Nani Alipie Utafiti wa Zebaki? Uchapishaji Huria na Gharama Zake katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Makala haya yanajadili swali moja: maarifa ya kitaaluma yanapofunguliwa kwa wasomaji wote bila malipo, gharama ya kuyachapisha humwangukia nani? Mfano tunaoutumia ni utafiti wa zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Geita, na wenzao wa Kahama mkoani Shinyanga, huitumia kunasia dhahabu katika mchanga uliosagwa kwenye karasha.

Kijiji cha Rwamagasa kilichunguzwa kwa kina katika miaka ya 2000 chini ya mradi wa kimataifa ulioongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), wakati Geita ilipokuwa ingali wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Udongo, mazao na samaki vilipimwa. Wachimbaji nao walitoa sampuli za miili yao. Matokeo kuhusu mazingira yalitoka mwaka 2005, na yale ya afya mwaka 2010, yote katika jarida la *Science of the Total Environment* la kampuni ya Elsevier. Jarida hilo lilikuwa la kulipia. Hivyo basi, tabibu wa zahanati aliyetaka kujua mtetemeko wa mikono ya mgonjwa wake unahusiana vipi na mvuke wa zebaki alihitaji maktaba yenye fedha, au mtafiti mkarimu wa kumpa nakala.

Ni hali ya namna hii iliyomfanya Stevan Harnad, mwaka 1994, apendekeze kwamba wanataaluma, ambao hawaandiki kwa ajili ya malipo, waweke nakala za makala yao mahali pa wazi. Tamko la Budapest la mwaka 2002 liliupa mwelekeo huo jina na malengo. Hata hivyo, wahariri, mitambo na uhifadhi vina gharama, na wachapishaji wengi walichagua kumtoza mwandishi. *PLOS Biology* lilianza mwaka 2003 kwa ada ya dola 1,500. *Nature* lilipofungua mlango huo mwaka 2021 lilitaka Yuro 9,500.

Hapo ndipo wanasayansi wanapogawanyika. Wapo wanaoiona ada kuwa sehemu halali ya gharama za utafiti, sawa na kemikali za maabara. Hoja hiyo ina uzito pale penye mfadhili. Kwa mhadhiri anayepima maji ya mialo kwa mshahara wake mwenyewe haina uzito wowote: zamani alizuiwa kusoma, sasa anazuiwa kuandika.

Wachapishaji hujibu kwamba nchi maskini husamehewa. Ni kweli, lakini msamaha ni hisani, na hisani ina masharti. Baadhi yao wamekuwa wakifuata madaraja ya Benki ya Dunia: nchi ya kipato cha chini husamehewa ada yote, ya kipato cha kati cha chini hupunguziwa nusu. Mnamo Julai 2020 Tanzania ilipandishwa hadi daraja hilo la pili. Taifa lilishangilia, na ilistahili. Bajeti za utafiti za idara zetu hazikupanda daraja siku hiyo. Aidha, majarida yanayochanganya makala ya kulipia na ya wazi kwa kawaida huwa nje ya misamaha hiyo.

Ipo njia ya tatu, ambayo majarida ya vyuo vya Afrika yameifuata kwa muda mrefu bila kuipigia debe: chuo hubeba gharama, wahariri hujitolea, na si msomaji wala mwandishi anayetozwa. Udhaifu wake unajulikana: matoleo huchelewa, na mhariri akistaafu jarida huyumba. Lakini katika njia hii pekee uamuzi wa lugha unabaki mikononi mwetu. Makala ya Rwamagasa yaliandikwa kwa Kiingereza. Hata yakitolewa bure leo, mchenjuaji wa Kahama hatayafaidi. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, unaotumia maneno yake mwenyewe ya *mwalo* na *karasha*, ungegharimu siku chache za kazi ya mfasiri. Katika ada zote zilizotajwa hapo juu, hakuna hata moja inayolipia siku hizo.