Mwenzetu akigonjwa kichwa, tusimuandikie barua ya kufukuzwa

Mwaka uliopita, sisi madelege wa sendika wa huku Kambove tulitia saini kwenye karatasi moja ambayo leo tunaona haya kuisoma. Karatasi ile ilisema mwenzetu mmoja, mashinisti wa posti ya usiku, ameacha kazi siku 9 bila kutoa habari. Shefu aliandika neno moja tu: "désertion". Tuliulizwa kama ni kweli hakuonekana kazini. Tukajibu ni kweli. Tukasaini, tukaenda kula bukari.

Kisha siku tatu, bibi yake aliingia ofisini kwetu na mutoto mugongoni. Hakupiga kelele. Alisema hivi: "Ba papa, bwana yangu hakukimbia kazi. Eko mugonjwa. Kichwa njo inamusumbua. Banamufunga kamba kule ku chumba ya maombi, na miye sina tena nguvu. Sasa banasema kazi imeisha. Mulisaini juu ya nini?"

Hatukuwa na jibu. Njo maana tunaandika maneno haya leo, juu tunajua kwamba katika kila kampi, kutoka hapa mpaka Likasi na Lubumbashi, kuna mama mwingine anayebeba siri kama hii.

Tuseme ukweli: dalili tuliziona. Kwa miezi miwili hivi yule ndugu alikuwa halali. Akitoka posti ya usiku, anazunguka kampi jua lote. Alianza kusema redio ya mashini inamutaja jina. Alikataa kula pamoja na wenzake, akisema wanamuwekea sumu. Na kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. "Ni lutuku." "Ni bangi." "Ndugu zake banamuloga juu ya nyumba ya baba yao." Hakuna hata mmoja aliyesema: tumupeleke kwa munganga. Angeanguka akavunjika mguu, tungemubeba mbio mpaka dispansere. Ilipokuwa kichwa, tulisimama pembeni tukitazama.

Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine

Shirika la Afya Duniani, ile OMS, lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa na ugonjwa wa akili wa namna fulani. Ni mtu 1 kati ya 8. Kwa hesabu hiyo, basi linalobeba wafanyakazi 40 linaweza kuwa na watu 5 wa namna hiyo, na wanapiga kazi kila siku. Wengi wao hawapigi kelele njiani. Wana huzuni isiyotoka, usingizi unakatika, chakula hakina ladha, moyo unapiga bila sababu. Huku tunasema tu "ana mawazo mingi". Wachache ndio wanaosikia sauti au kuona adui kila mahali kama mwenzetu.

Jambo la kwanza tulilojifunza kwa wanganga lilitushangaza: munganga mzuri wa kichwa anaanza na mwili. Malaria inaweza kupanda kichwani. Tifo pia, sukari iliyoshuka, virusi vya sida, kaswende, hata kuacha pombe ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku. Yote hiyo inaweza kumufanya mtu aseme maneno yasiyo na mpango. Kwa hiyo mtu akichanganyikiwa ghafla na ana homa, usingoje Jumapili ya maombi. Damu ipimwe siku ile ile. Hiyo ni mambo ya masaa, si ya juma zima.

Damu ikiwa safi, munganga anauliza maswali mengi: ilianza lini, analala saa ngapi, anakunywa nini, nani katika familia aliwahi kupata hivi. Njo maana lazima bibi, yaya au mama awe pale. Mugonjwa mwenyewe mara nyingi hajui kwamba anaumwa.

Halafu kuna dawa. Ya kwanza iliyotuliza kweli watu wanaosikia sauti, ile Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Kisha ikaja Haldol, ambayo hata leo inatumika sana katika nchi zetu. Dawa hizi si za kumulewesha mtu. Zinapunguza kazi ya kemikali moja ya ubongo, dopamini, ambayo imezidi. Lakini zina taabu zake: mikono kutetemeka, shingo kukakamaa, mwili kuwa muzito. Wengi wanaziacha kwa sababu hiyo, na ugonjwa unarudi na nguvu. Dawa ikikusumbua, rudi kwa munganga apunguze au abadilishe. Usiitupe. Na zile za huzuni zinachukua majuma 2 mpaka 4, pengine zaidi, mbele ya kuonekana. Mtu anayekunywa siku tatu na kusema "haifanyi kitu" hajaipa nafasi.

Kifafa nacho, ambacho watu wanaogopa hata kumugusa mgonjwa, si ya kuambukiza. OMS inasema mpaka watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kama wanapata dawa sawasawa.

Minyororo ilikatwa zamani

Lubumbashi iko na Centre neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain, ya Bafrère de la Charité. Tuliuliza: huyu Guislain ni nani? Alikuwa munganga wa Ghent, kule Ubelgiji, alizaliwa 1797, akafa 1860. Mbele yake, mwaka 1815, padri Triest na mafrère wake waliingia katika jumba moja la Ghent ambamo wagonjwa wa akili walikuwa wamefungwa, wakawafungua minyororo. Guislain alikuja kufanya kazi nao, akatunga kanuni za kuwatunza wagonjwa kama watu: chakula, usafi, hewa, kazi ya mikono, maneno mazuri.

Zaidi ya miaka 200 imepita, na sisi tulimukuta mwenzetu amefungwa kamba, vidonda kwenye mikono, amenyimwa chakula juu walisema pepo anatoka kwa njaa. Hatuandiki hii ili kupiga vita maombi. Wengi wetu tunasali, na mchungaji anayemutembelea mgonjwa anafanya kazi kubwa. Tunasema tu: maombi na dawa vinaweza kukaa nyumba moja. Kamba na njaa hapana.

Nani atatutunza?

Kupata munganga wa akili, psikiatri kamili, kunachukua muda mrefu. Kwanza amalize udaktari, halafu miaka mingine ya kujifunza, kama pale CNPP ya Université ya Kinshasa. Njo maana ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mtu wa Kambove akingoja psikiatri aje kukaa huku, atangoja sana.

Lakini dunia imebadilisha njia. Mwaka 2008 OMS ilianzisha programu inayoitwa mhGAP, na 2010 ikatoa kitabu cha kufundisha ba infirmier na madaktari wa kawaida kutambua na kutunza huzuni, kifafa, ugonjwa wa sauti, pombe, na watu wanaotaka kujiua. Hatua ni za kufuata moja kwa moja, na wanaelezwa wakati wa kumutuma mgonjwa mbele kwa mtaalamu. Infirmier wa dispansere ya muji wa mine anaweza kujifunza hiyo.

Iko tena mfano wa jirani. Zimbabwe, mwaka 2006, psikiatri Dixon Chibanda alianza Harare na bibi wazee 14. Aliwafundisha kukaa na mtu kwenye banc ya mbao nje ya kituo cha afya, kumusikiliza, na kumusaidia kutatua tatizo moja moja. Huko wanaita ugonjwa huo kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi: ni mawazo mingi yetu yale yale. Walipima kazi hiyo kwa watu 573 katika vituo 24, na matokeo yakatoka 2016. Baada ya miezi 6, kati ya watu 100 waliopata matunzo ya kawaida, 50 hivi bado walikuwa na dalili za huzuni. Kwa wale wa banc, 14 tu. Ba mama wazee wa Kambove waliolea watoto wakati mishahara haikuja wanashindwa nini kukaa kwenye banc?

Na kazi yetu yenyewe?

Hapa tunagusa upande wa sendika. Katika konsantratere za shaba, kama hapa kwetu, flotation inatumia dawa inayoitwa xanthate. Ikipata unyevu na joto, inavunjika na kutoa gazi moja, sulfure ya carbone. Gazi hiyo inajulikana tangu zamani: mwaka 1856 munganga Delpech wa Paris aliandika juu ya wafanyakazi wa mpira waliokuwa wakiivuta, wakapoteza akili, usingizi na nguvu. Na manganese, ile iliyochimbwa Kisenge, vumbi yake ikivutwa miaka mingi inaharibu ubongo. Mwaka 1837 munganga Couper wa Scotland aliwaona wafanyakazi wa kwanza. Baadaye wachimbaji wa Chile walikuwa wanacheka na kulia bila sababu mbele ya mwili kukakamaa.

Hatusemi gazi njo ilimugonjesha mwenzetu. Yeye alikuwa mashinisti, si mtu wa flotation, na hakuna aliyempima. Usiku mingi bila kulala tunaweza kuitaja zaidi: wanganga wanajua kwamba kukosa usingizi kunaweza kuwasha ugonjwa kwa mtu ambaye tayari ana mzizi wake. Lakini tunasema hewa ya sehemu ya kazi ipimwe. Inawezekana: wasomi wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Leuven walipima mikojo ya watu wa Katanga, na 2009 wakaonyesha dunia kobalti mingi iliyomo. Kama mkojo wetu ulipimwa, hewa ya magazini ya xanthate inashindikana juu ya nini?

Sheria inasema nini

Code du travail, sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inasema ugonjwa unasimamisha kontra. Kusimamisha si kuvunja. Inasema tena mwajiri anatoa matunzo ya ugonjwa kwa mfanyakazi na familia yake. Haikuandikwa popote kwamba ugonjwa ni wa mguu na tumbo tu. Na Shirika la Kazi Duniani, OIT, mwaka 2010 liliingiza magonjwa ya akili katika orodha yake ya magonjwa ya kazi, kwa mfano hali inayomupata mtu aliyeona wenzake wakifunikwa na udongo. Nani kati yetu hajaona?

Kwa hiyo tulirudi kwa shefu na karatasi ya munganga mkononi. Ilichukua miezi. Tulikubali mbele ya wote kwamba saini yetu ilikuwa kosa. Barua ya kufukuzwa iliondolewa. Mwenzetu alitunzwa Lubumbashi, akarudi. Hakurudi kwenye mashini wala usiku: anafanya kazi ya mchana, magazini, na mshahara umepungua kidogo. Siku zingine mikono yake inatetemeka. Siku ya kwanza hakutusalimia. Ya pili alituambia: "Ba yaya, mungekuja kuniona tu nyumbani, mbele ya kusaini."

Tangu hapo tumeweka kanuni yetu. Hakuna delege anayesaini karatasi ya désertion bila kufika kwanza nyumbani kwa mfanyakazi na kuzungumza na familia yake. Na katika mazungumzo na waajiri tunadai vitu vinne: infirmier wa dispansere afundishwe mhGAP, dawa za kichwa na za kifafa zisikosekane kama vile quinine haikosekani, posti ya usiku isirefushwe bila mapumziko, hewa ya flotation ipimwe na sisi tuoneshwe karatasi.

Na ninyi nyumbani, hapa kuna ya kuangalia. Mtu halali usiku tatu na hachoki. Anajifungia, haogi, hataki tena kuona watoto. Anasikia sauti. Pombe imepanda kutoka Jumamosi mpaka kila siku. Anasema afadhali kufa: huyo muulize wazi, usiogope, kumuuliza hakumuingizi wazo. Usimuache peke yake, ficha dawa na kamba, mupeleke kituo cha afya leo.

Mukiona haya kwa mtu wa kazi, mutuite. Tutakuja nyumbani, na safari hii hatutakuwa na kalamu mkononi.