AINA ZA PEMBE NA MAJINA YAKE KWA KISWAHILI

Katika toleo hili tunaeleza msamiati wa somo la jiometria, hasa aina za pembe. Mwanafunzi wa Burundi huanza hisabati kwa Kirundi, kisha huendelea nayo kwa Kifaransa. Anapoingia katika darasa la Kiswahili, pembe zenyewe anazijua. Anachokosa ni majina yake. Ndipo hutafsiri neno kwa neno kutoka Kifaransa, na tafsiri ya namna hiyo inaweza kugeuza pembe moja kuwa nyingine kabisa.

Neno "pembe"

Kwa Kiswahili, pembe ni ya ng'ombe, pembe ni kona ya nyumba, na pembe ni istilahi ya hisabati. Kirundi kina neno "ihembe", ndugu wa "pembe", lakini hilo ni la mnyama. Kwa hiyo mwalimu akisema tu "choreni pembe", asishangae kuona kichwa cha ng'ombe daftarini. Aanze na maana.

Katika hisabati, mistari miwili ikianzia nukta moja hufanya pembe. Ukubwa wa pembe ni kiasi ambacho mstari mmoja umezunguka kutoka kwa mwenzake. Kiasi hicho hupimwa kwa nyuzi, na chombo cha kupimia ni kipimapembe. Mzunguko kamili una nyuzi 360. Urefu wa mistari haubadilishi kitu: pembe ya nyuzi 40 ni ile ile, iwe imechorwa daftarini au ubaoni.

Aina za pembe

1. Pembe kali: huzidi nyuzi 0 na haifiki nyuzi 90.
2. Pembe mraba: ina nyuzi 90 kamili. Ndiyo pembe ya kona ya ukurasa, ya mlango na ya dirisha.
3. Pembe butu: huzidi nyuzi 90 na haifiki nyuzi 180.
4. Pembe nyoofu: ina nyuzi 180. Mikono yake miwili hufanya mstari mmoja ulionyooka.
5. Pembe inayozidi nyuzi 180 na isiyofika nyuzi 360. Hii tunashauri itajwe kwa kipimo chake, kwa mfano "pembe ya nyuzi 240".

Majina "kali" na "butu" yametoka kwenye kisu. Kisu kikinolewa huwa kikali, makali yakiisha huwa butu. Ncha iliyobanwa ni kali, ncha iliyopanuka ni butu. Kifaransa kimefuata njia hiyo hiyo kwa "aigu" na "obtus", kwa hiyo hapa mwanafunzi hapotei. Jina "mraba" ni la umbo lenye pande nne zilizo sawa na kona nne za nyuzi 90.

Mtego wa neno "droit"

Shida iko hapa. Kwa Kifaransa pembe ya nyuzi 90 huitwa "angle droit". Neno "droit" pia lina maana ya kitu kilichonyooka, kama tunapomwelekeza mgeni aende "tout droit". Mwanafunzi hutafsiri "pembe nyoofu", na sentensi yake haina kosa lolote la sarufi. Lakini ametaja nyuzi 180 badala ya 90! Akimwambia hivyo fundi anayejua istilahi za Kiswahili, kona ya chumba itakuwa ukuta mmoja mrefu.

Kosa la pili hufuata la kwanza. Pembe ya nyuzi 180 kwa Kifaransa ni "angle plat". Kwa kuwa "nyoofu" imekwisha kutumika, mwanafunzi hubuni "pembe bapa". Dawa ni kuyafundisha majina haya mawili pamoja, ubaoni, kila moja na mchoro wake: mraba 90, nyoofu 180.

Mifano ya kutumia darasani

Mfano wa kwanza ni mitaa ya Buyenzi, hapa Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Barabara zake zimepangwa kwa mistari, na panapokatana barabara mbili mwanafunzi huona pembe mraba nne kwa mara moja.

Mfano wa pili ni saa ya ukutani. Kutoka namba moja hadi inayofuata kuna nyuzi 30. Saa tatu kamili mishale hufanya pembe mraba. Saa nane kamili, pembe kali ya nyuzi 60. Saa kumi na moja kamili, pembe butu ya nyuzi 150. Saa kumi na mbili kamili, pembe nyoofu. Kirundi nacho huhesabu saa kama Kiswahili, hivyo mwanafunzi wetu hujifunza pembe na kurudia somo la saa kwa pamoja.

Zoezi

Wanafunzi wataje aina ya pembe ya mishale saa saba kamili, saa tisa kamili na saa kumi kamili. Kisha kila mmoja aandike sentensi kwa kutumia "mraba" na "nyoofu". Mwalimu asisahihishe sarufi peke yake. Atazame na mchoro.