Kwa Nini Mtoto Hupata Homa Baada ya Chanjo?

Tazameni mkono wa babu au nyanya yenu, karibu na bega. Wazee wengi wana alama hapo, duara ndogo yenye vishimo. Ni kovu la chanjo ya ndui. Ndui ilikuwa ugonjwa wa kutisha. Iliua watu wengi, na wengine iliwaacha vipofu. Watu wa nchi zote walichanjwa, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Ninyi hamkuchanjwa ndui. Kovu dogo mlilo nalo mkononi ni la chanjo ya BCG, ambayo hukinga watoto na kifua kikuu kibaya.

Sasa fikirini jambo hili. Mama mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani, apeleka mtoto wake wa wiki 6 kwenye kituo cha afya. Mtoto achomwa sindano. Usiku mwili wake wawa moto, paja lavimba kidogo, naye alia. Jirani asema: «Mama, unaona! Mtoto alikuwa mzima, wamemtia ugonjwa. Usirudi tena huko.» Je, jirani asema kweli? Tupeleleze.

Ndani ya damu yetu mna askari wadogo sana, wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kulinda mwili. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, askari hao huvishambulia. Lakini adui wasiyemjua huwapa taabu. Yawapasa kwanza kumchunguza, kisha kutengeneza silaha ya kumfaa. Kazi hiyo hupita siku nyingi, na huku adui azidi kuongezeka. Ndiyo sababu mtoto aweza kufa kabla askari wake hawajawa tayari.

Chanjo huwaonyesha askari adui huyo mapema. Ndani yake mna vijidudu vilivyouawa, au vipande vyake tu, au vijidudu vilivyodhoofishwa. Askari huviona, huviwinda, hutengeneza silaha zao. Baadaye wengine hubaki mwilini miaka mingi wakikumbuka sura ya adui. Siku adui wa kweli akija, hawahitaji kujifunza tena. Humpiga upesi.

Na homa yatoka wapi? Zamani Walokele, wakaao kando ya mto Kongo, walipeleka habari kutoka kijiji hata kijiji kwa ngoma ya mti. Mlio wake ulikuwa mkubwa, lakini mlio haukuwa vita, ulikuwa wito. Askari wa mwili nao huitana. Hutoa maji maji fulani yaendayo na damu, nayo huamsha mwili wote. Mwili hupata joto, na mahali pa sindano huvimba kwa sababu askari wengi hukusanyika hapo. Basi homa hiyo si ugonjwa wenyewe. Ni alama kwamba mwili wafanya kazi. Lakini mtoto asiyepata homa asidhaniwe kuwa chanjo yake ni bure. Askari wa wengine hufanya kazi kimya kimya.

Kila chanjo ina siku zake. Chanjo iitwayo Penta hukinga magonjwa matano, kati yake dondakoo, kifaduro na pepopunda. Haina kijidudu kilicho hai. Askari huiona mara moja, na homa huja siku ile ile au kesho yake, kisha huisha kwa siku moja au mbili. Chanjo ya surua, apewayo mtoto wa miezi 9, ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Hivyo vyahitaji kwanza kuongezeka kidogo. Kwa hiyo homa, na pengine vipele vichache, huja baada ya juma moja hivi, wakati watu wamekwisha kusahau sindano. BCG huenda polepole zaidi. Majuma kadhaa yapita, ndipo kipele chatokea mkononi, chatoa usaha, chakauka, chaacha kovu. Msikikamue wala kukipaka majani. Kiacheni kipone chenyewe.

Penta hutolewa mara tatu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mara ya kwanza askari hujifunza kidogo tu. Mara ya pili na ya tatu silaha zao huwa nyingi na imara. Mama aliyemsikiliza jirani, asirudi, amemwacha mtoto wake na askari waliojifunza nusu.

Hasara yake twaijua. Miaka 2019 na 2020 surua ilienea katika Kongo yote. Watu zaidi ya 6,000 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Tena, mwaka 1970, karibu na Basankusu, mtoto wa miezi 9 aliugua ugonjwa uitwao leo mpox. Ndiye mtu wa kwanza ajulikanaye kuupata. Watu wengine wa nyumba yake walikuwa wamechanjwa ndui, yeye bado. Kijidudu cha mpox ni ndugu ya kijidudu cha ndui, hata askari waliofundishwa kumjua mmoja humtambua na mwenzake.

Lakini tuwe na busara. Mara chache sana, mwili wa mtu huikataa chanjo kwa ghafula: pumzi yambana, uso wavimba. Jambo hilo hutokea katika dakika chache, na mwuguzi ana dawa yake. Ndiyo sababu mama huambiwa angoje kidogo kabla ya kwenda nyumbani. Tena, hapa kwetu malaria ni nyingi, nayo haingoji chanjo ipite. Homa ikiwa kali, au ikizidi siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu au akishikwa na degedege, tusiseme: «Ni sindano tu.» Apelekwe upesi kwa mwuguzi apimwe damu.

Basi jirani aliona homa kweli, lakini hakujua maana yake. Mama amnyonyeshe mtoto mara nyingi, amvue nguo nzito, ampe dawa ya homa kama mwuguzi alivyomwonyesha. Halafu aitunze karatasi ya chanjo, na siku iliyoandikwa arudi.

Maswali
1. Askari wa mwili hujifunza nini kutokana na chanjo?
2. Kwa nini homa ya chanjo ya surua huchelewa kuliko ile ya Penta?
3. Ni dalili gani zatuonya kumpeleka mtoto kwa mwuguzi upesi?
4. Ungemjibu nini jirani wa yule mama?