MAJI YA KAHAWA NA SIRI YA KICHOCHEO

Msimu wa kahawa hapa Kingerikiti huwa tunawasaidia wazazi kumenya na kuosha. Je, tumewahi kujiuliza ule ute unaoteleza kwenye punje huondokaje baada ya kahawa kuvundikwa?

Vijidudu visivyoonekana kwa macho hutoa vimeng'enya, navyo huuvunjavunja ute huo. Kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kwisha huitwa kichocheo. Kimeng'enya ni kichocheo cha viumbe hai.

Tatizo huanza maji hayo yakimwagwa mtoni. Yana sukari bado, na uvunjaji huendelea. Safari hii vijidudu humaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hukosa hewa, maji huchacha na kunuka. Na wenzetu wa bondeni, hadi Ziwa Nyasa, huchota humo maji ya kunywa na ya udhu.

Vipo pia vichocheo visivyo na uhai. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi dioksidi ya titani, ambayo unga wake mweupe hutiwa katika rangi za nyumba, inavyosaidia mwanga kuyapasua maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Baadaye watafiti waliitumia pamoja na mwanga kuvunja uchafu wa majini.

Sisi tusingoje unga huo. Tuchimbe shimo mbali na mto, maji ya kahawa yaishie humo, na maganda tuyafanye mboji. Uvunjaji ni uleule. Tofauti ni mahali tunapouacha ufanyike.