Kijiji cha Livingstone na moto wa chini ya udongo

Jina la Livingstone mnalijua: ndiye yule mzungu aliyefika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871. Lakini je, mnajua kijiji alimozaliwa? Kinaitwa Blantyre, kule Scotland. Wakati wa utoto wake ilikuwa kazi ya pamba; yeye mwenyewe aliingia kiwandani akiwa na miaka 10. Baadaye kampani ikafungua mashimo ya makaa ya mawe, na Blantyre ikawa kambi ya wachimbaji, nyumba za mistari, kama zile tunazozijua sisi.

Jumatatu tarehe 22 Oktoba 1877, karibu saa tatu ya asubuhi, moto ulipasuka ndani ya shimo namba 2 na namba 3. Watu 207 hivi walikufa. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 11. Wamama walikimbia wakasimama juu ya shimo, wakingoja.

Wewe wa shaba utauliza: juu ya nini shimo linapasuka bila baruti? Jiwe la shaba kwa kawaida haliko na hewa ile. Makaa ya mawe ndiyo iko nayo. Inatoka polepole ndani ya makaa, haina rangi, haina harufu, na kwa sababu ni nyepesi inapanda kukaa juu, karibu na dari ya njia. Ikifika sehemu 5 mpaka 15 katika 100, mwali wa taa moja tu unatosha. Tena mshindo unainua vumbi la makaa, nalo vumbi linawaka, na moto unakimbia njia kwa njia.

Na ukipona moto, hujapona bado. Nyuma yake inabaki hewa ya sumu, inayoua kama jiko la makala katika chumba kilichofungwa. Mganga mmoja wa kule kule Scotland, John Scott Haldane, alichunguza maiti za wachimbaji katika miaka ya 1890, akaona kwamba wengi waliuawa na sumu hii, si na moto. Ndiye aliyeshauri washuke na ndege wadogo: ndege akianguka, mtu atoke mbio. Ndege hao walifanya kazi katika migodi ya Uingereza mpaka 1986.

Taa ya usalama ilikuwako tangu 1815, ile yenye wavu wa waya kuzunguka mwali. Lakini mwangaza wake ni kidogo, na mchimbaji alilipwa kwa uzito wa makaa aliyoyatoa. Wengi walipenda taa ya wazi. Tusiwahukumu upesi; mtoto nyumbani analia njaa.

Waliotoka hai, wengine waliungua uso na mikono. Vumbi la makaa likiingia katika kidonda, kovu linabaki la rangi ya buluu mpaka kufa.

Kilio cha Blantyre kiliacha wajane 92 na yatima 250. Nyumba zilikuwa za kampani, na kampani ilizitaka kwa wachimbaji wapya. Haikufika hata mwaka: wajane 34 walipelekwa mbele ya mwamuzi, naye akaamuru watoke, wao na watoto wao, kabla ya mwisho wa Mei 1878.