Adhabu ya Kuendesha Ukiwa Mlevi

Wakazi wengi hudhani kosa la kuendesha ukiwa mlevi ni la wenye magari peke yao. Sivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamhusu pia mwendeshaji wa bodaboda. Si lazima awe amekunywa pombe. Dawa ikimlevya asiweze kukidhibiti chombo, kosa ni lile lile. Hata anayejaribu tu kuondoka akiwa katika hali hiyo anaweza kushtakiwa.

Atakayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Tena, kwa kawaida huzuiwa kuendesha kwa miezi 12 tangu siku ya hukumu. Kwa anayelisha familia kwa usukani, hapo ndipo penye uchungu: faini jamaa wanaweza kuchanga, lakini mwaka mzima bila leseni hakuna wa kumbebea.

Anayeamua kiasi cha adhabu ni hakimu. Faini hulipwa baada ya hukumu na risiti hutolewa. Haikabidhiwi askari kando ya barabara.